Mugongo wa Kitambaa

Nyumba yetu ya Ndosho, hapa Goma, ni ya mbao, na nyumba ya mbao haipambwi dirishani tu, inapambwa ukutani. Mbao zikikauka zinaachana, upepo unapita katikati na lile vumbi jeusi la mawe ya volkano. Basi tunatundika rido, yale mapazia mazito, kwenye kuta zote nne, kuanzia karibu na bati mupaka chini. Ukiingia unajisikia kama umeingia ndani ya nguo ya mutu. Mimi nilipenda siku ya kutundika rido kuliko Noeli yenyewe. Nilipanda juu ya meza, misumari midogo kinywani. Yaya wangu, yaani dada yangu mukubwa, alishika upande wa pili, na mama alisimama katikati ya saloni, yaani sebule, akituongoza.

"Vuta. Legeza. Umevuta sana, weye, ukuta haiko mbuzi!"

Nilicheka, misumari ikadondoka, tukaanza kuitafuta wote watatu kwa magoti.

Raha yetu ya pili ilikuwa gato, yaani keki. Hatuna tanuri. Mama alichukua sufuria kubwa, akatandika chini changarawe za volkano, zile nyepesi zenye matundu, juu yake akaweka sufuria ndogo yenye unga na mayai na sukari, akafunika, kisha akapanga makala, yale makaa ya moto, mekundu, juu ya mufuniko. Hakutazama saa. Aliinamisha kichwa kama mutu anayesikiliza ugomvi wa jirani, akasema, "Bado. Ingali inalia." Gato mbichi inalia, alituambia, na ikiiva inanyamaza. Siku moja niliona changarawe zimekaa na vumbi, nikaziosha vizuri kwa sabuni, nikajisifu. Kumbe jiwe la volkano linakunywa maji. Lilipopata moto likaanza kupasuka, pa! pa! pa!, na jirani yetu akaingia chini ya kitanda na watoto wake, akidhani ni yale mambo mengine, ya bunduki. Mama alicheka mupaka akafuta machozi na kitenge. Nusu ya gato tulimupelekea jirani, na yeye aliikula bila kutusalimia.

Raha ya tatu ilikuwa kufuma, na hiyo ndiyo iliyotuharibia.

Mama alizaliwa upande wa Butembo, baba yake alikuwa na shamba la kahawa. Kwa sindano ya kroshe na uzi mweupe alifuma ua la kahawa, majani yake matano, ua baada ya ua, mupaka linakuwa kitambaa. Mukono wake ulikaza. Ukikivuta kitambaa chake hakikupi hata unywele mumoja. Alitufundisha sote wawili. Yaya alichoka wiki ya kwanza, akasema vidole vyake viliumbwa kwa ajili ya kalamu. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimeacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, na kichwani mwangu nilikuwa tayari na duka mujini, lenye kioo mbele, vitambaa vimetundikwa, na watu wamesimama njiani wakivitamani. Nilimwambia mama hata rangi ya mulango. Aliniambia, "Anza na majani matano, duka litakuja."

Sasa nieleze desturi ya kwetu. Musichana akichumbiwa, mama yake anamufumia vitambaa vya saloni: vya migongo ya viti, vya mikono ya viti, na kimoja kikubwa cha meza. Anavifuma peke yake. Siku familia ya muchumba inapokuja, shangazi ya muchumba hatazami kitambaa usoni. Anakigeuza. Uso unaweza kupendeza hata kama aliyefuma ni muvivu, lakini mugongoni ndipo yalipo mafundo, ndipo unapoona uzi uliungwa wapi na kwa haraka gani. Na kibaya kuliko mafundo yote ni mikono miwili, mumoja unaokaza na mumoja unaolegea, ndani ya kitambaa kimoja. Wanasema mama aliyesaidiwa kufuma, hata binti alilea kwa kusaidiwa.

Yaya alichumbiwa na kijana wa familia ya upande wa Bukavu, watu wa ofisi wanaoishi hapa Goma, Wakatoliki kama sisi, wenye kuongea polepole. Mama alinunua uzi wiki hiyo hiyo.

Macho yake yalikuwa yameanza kwenda. Hakusema. Mimi niliona kwa vitu vidogo: chumvi mara mbili kwenye maharagwe, mukono unaotafuta kikombe hewani. Jioni moja papa, yaani baba yetu, alikuwa muji wa Kiwanja, alikoenda kununua maharagwe ya kuja kuuza, na koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye musumari nyuma ya mulango. Mama aliingia, akalitazama koti, akaliambia kwa sauti nzuri:

"Umerudi, baba? Njia ilikuwa namna gani?"

Akasubiri jibu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nachambua mboga. Alipotoka tena nje nililiondoa koti, nikalikunja, nikaliweka ndani ya sanduku, na sikusema neno.

Nilinyamaza kwa sababu nilijua anachoogopa. Nyanya yetu, mama yake mama, alipofuka akiwa na nguvu zake zote. Watoto wake, kwa upendo, walimukalisha. Neno lenyewe ndilo hilo. Walimuletea kiti kizuri, wakakiweka pembeni, wakamulisha, wakamuvalisha, na tangu siku ile hakuna mutu aliyemupa hata bakuli ya maharagwe achague mawe. Mama alikuwa akiisimulia hadithi hiyo tukikaa kufuma, na siku zote aliimaliza vilevile: "Hakukufa na ugonjwa. Alikufa na kiti."

Kwa hiyo hatari ilikuwa hiyo tu, hakuna nyingine. Wakijua, watamukalisha. Na wa kwanza kuleta kiti angekuwa shangazi yetu, dada yake papa.

Shangazi aliishi Murara, alikuja kila siku ya posho, yaani Jumamosi, na pikipiki, akashuka huku tayari anasema. Ulimi wake haukuwa na breki. Alimuita yaya "mwenye bahati ya ngozi." Mimi aliniita "duka," kwa sababu nilikuwa mujinga wa kumusimulia ndoto yangu.

"Duka! Leo umefungua saa ngapi? Bateja babili batatu?"

"Bado kidogo, shangazi."

"Na hiyo kichwa ya hewa, weye utaolewa na rido."

Shangazi alimupa mama naye yake. Alichukua kitambaa, akakiinua karibu na dirisha, akasema, "Wifi, siku hizi unafuma kwa kupapasa kama mutu anatafuta chawa." Mama alijibu bila kuinua kichwa, "Nikimupata, wifi, nitakurudishia." Tulicheka. Lakini niliona shangazi anamutazama mama kwa muda murefu, akipitisha mukono wake mbele ya uso wa mama, polepole, kama mutu anayefukuza inzi.

Ndipo nilipochukua vitambaa na kuviangalia vizuri. Maua yalikuwa yamechanganyikiwa. Hapa majani manne, pale sita, mahali fulani majani matatu na shimo.

Mama alikwenda misa ya kwanza kila asubuhi, akishika njia aliyoizoea kwa miguu, jiwe kwa jiwe. Akitoka tu, mimi ninachukua kitambaa. Ninafumua ua lenye kosa, ninafuma jingine la majani matano, ninakirudisha ndani ya kikapu vilevile kilivyokuwa, sindano ikielekea mulango. Misa ya katikati ya wiki ni fupi, maua mawili. Ya siku ya Mungu ni ndefu, maua manne, matano kama padri amekasirika. Sijawahi kuombea mahubiri kama miezi ile. Tena nilikuwa na bahati, kwa sababu mama alianza kuchelewa kurudi. Jua linapanda, bado hajafika, na mimi naongeza ua jingine huku naimba. Nilijiambia anaongea na wamama wenzake wa parokia.

Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Nilijiona kama malaika mwenye sindano. Na ndani ya furaha ile kulikuwa na kingine: maua yangu yalikuwa mazuri. Niliyatazama, nikasema moyoni, aibu yangu, ya kwangu yanapita ya mama.

Siku yenyewe ikafika. Tulitundika rido mupya za rangi ya maziwa, mama akiwa katikati ya saloni akisema "vuta, legeza" kama zamani, ingawa sasa alisikiliza kitambaa badala ya kukitazama. Gato aliipika yeye. Aliisikiliza, akasema "imenyamaza," na ilipofunuliwa ilikuwa nyekundu sawasawa kila upande. Vitambaa tulivitandika kwenye viti. Papa alirudi kutoka njiani, akavaa lile koti.

Wageni waliingia, wakakaa, wakakunywa. Wanaume waliongea mambo yao mupaka yakakwisha. Kisha shangazi ya muchumba, mama munene mwenye sauti laini, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akachukua kitambaa cha meza. Akakigeuza.

Aliutembelea mugongo wake kwa kidole. Kidole kikarudi nyuma. Akachukua cha kiti, akakigeuza nacho.

"Mama," akasema, "hapa kuko mikono mibili."

Mama hakutikisika. "Ni wangu tu."

"Ni mibili, mama. Huu unakaza. Huu unalegea." Akatabasamu, akakiinua kitambaa ili wote waone. "Tena nisiseme uongo. Huu wa pili ni muzuri kuliko wa kwanza. Unapumua. Maua yake ni kama yameota yenyewe. Ni ya nani?"

Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyenisukuma. Ningenyamaza tu, lingepita: wangesema ni mukono wa jirani, wangecheka kidogo, wangepunguza kakitu ku mahari, basi. Lakini niliyasikia yale maneno, kama yameota yenyewe, na kifua changu kikajaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna mutu aliyewahi kunisifu mbele ya watu.

"Ni wangu," nikasema.

"Na kwa nini ulitia mukono ku kazi ya mama yako?"

"Ju mama haoni tena."

Nilisema hivyo tu, na sauti ya furaha bado mudomoni. Nilisikia rido ikigusa ukuta.

Papa aligeuka. "Tangu lini?" akauliza. Yaya aliniangalia kama mutu ambaye nimemukanyagia mutoto wake.

Shangazi yetu ndiye aliyeinuka. Alifungua mufuko wake, akatoa sindano ndogo ya kushonea na uzi mweusi. Hakuwa na haraka. Alitembea mupaka mbele ya mama, akaviweka mukononi mwake.

"Haoni namna gani? Bageni basidhani tunabaficha kitu. Tunga, wifi."

Mama angeweza kukataa. Alilowesha uzi kwa ulimi, akaunyoosha kwa vidole viwili, akainua sindano kuelekea dirisha. Uzi ulipita kando. Akaulowesha tena. Ukapita kando. Alijaribu mara tano, na kila mara alisogeza sindano karibu zaidi na uso, mupaka nikaogopa atajichoma jicho. Yule shangazi ya muchumba akasema kwa huruma, "Basi, inatosha," na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko sindano.

"Haya," akasema shangazi yetu, "mutoe na kisu karibu yake, asije akakata kidole akidhani ni gato."

Watu walicheka, kama wageni wanavyocheka wakitafuta njia ya kutoka. Papa alitazama viatu vyake. Na mimi nilicheka. Nimeandika haya yote ili nifike hapa na niseme: mimi nilicheka. Ilinitoka. Nilikuwa bado nimejaa ile sifa, na kicheko kilikuwa tayari kooni kikisubiri kitu chochote. Mama aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kati ya sauti zote zile aliijua.

Ndoa haikuvunjika. Shangazi ya muchumba alisema binti hana kosa, ila vitambaa vya mikono miwili haviingii nyumbani kwao. "Huyu mudogo atufumie vingine, mukono mumoja."

"Ndiyo, mama," nikasema, kabla sijamutazama mutu yeyote.

Gato waliimaliza yote. Walisema haijawahi kupikwa gato kama ile Ndosho nzima.

Asubuhi yake mama hakwenda misa. Nilipoamka nilimukuta kwenye saloni, vitambaa vyote juu ya magoti, anafumua. Hakufumua ovyo. Kidole kilitembea juu ya ua, kikalikubali, kikapita; kikafika kwenye ua langu, kikasimama, kikatafuta mwisho wa uzi, kikavuta. Kwenye mugongo wa kitambaa, mahali pale pale ambapo wageni waliona kwa miwani, yeye aliona kwa ngozi. Hakukosea hata mara moja.

Nilikaa chini karibu na miguu yake. "Mama, samahani."

"Ua lako la kwanza liko hapa," akasema, akanipa pembe ya kitambaa niishike. "Ulilitia wiki ya tatu baada ya kununua uzi. Nilirudi misa nikaligusa. Nikasema, a-a, mutoto wangu amenisitiri."

Sikuelewa. Au nilielewa, na sikutaka.

"Ulijua?"

"Unafikiri kila asubuhi nilikuwa naongea na bamama mupaka jua kali? Misa ilikwisha zamani. Nilikuwa nakaa ku libwe, lile jiwe mbele ya kanisa, peke yangu. Nakuachia nafasi umalize." Akavuta uzi. Ua likaondoka lote, jani kwa jani, kwa sauti ndogo kama ya kukwaruza. "Siku ya mvua nilikaa pale na mvua yote. Sikukuomba kitu, hata asante sikukuomba useme. Nilikuwa naomba unyamaze tu."

Yaya aliingia, akaona, akaanza kulia. "Mama, acha, vitabaki na matundu!"

"Basi vibaki. Matundu ndiyo yangu."

Alimaliza saa sita. Vilivyobaki mapajani mwake vilikuwa kama vitambaa vilivyoliwa na panya, maua yake machache ya majani matano yakishikana kwa nyuzi mbili tatu. Uzi wangu alikuwa ameukunja bonge zuri la duara, lililokazwa. Akanipa.

"Wa duka lako," akasema.

Na shangazi akaleta kiti. Kiti kizuri, sitamusingizia, chenye mikono na muto wa sponji. Alikileta siku ya posho, kimefungwa juu ya chukudu, ule mukokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, akakiweka pembeni mwa saloni, mbali na mulango, mbali na mbabula, lile jiko la makala, akamushika mama kwa mabega na kumuketisha. "Pumzika sasa, wifi. Umetumika ya kutosha." Papa alisema ni wazo la akili. Hakuna mutu anayemupa mama maharagwe achague. Misa anapelekwa siku ya Mungu, kwa kushikwa mukono. Njia yake ya mawe, aliyoijua jiwe kwa jiwe, hakuna anayemuachia aipite tena peke yake.

Vitambaa vya yaya nilivifuma mimi, majani matano, mukono mumoja, nimekaa hatua mbili kutoka kwenye kile kiti. Alisikia kila kitanzi. Yaya aliondoka navyo, na watu wa kule walivigeuza, wakasifu mugongo. Tangu hapo napata kazi. Duka halijakuja, nina meza tu kando ya barabara, lakini watu wanasimama, na mimi bado naota kile kioo. Moyo wangu ni mujinga, hauna haya, asubuhi unaamka umefurahi. Vya mama, vile vyenye matundu, nilivikunja nikaviweka ndani ya sanduku ambamo niliwahi kuficha koti.

Kinachonishinda ni gato. Napanga changarawe, sijaziosha. Napanga makala juu ya mufuniko. Nainamisha kichwa kama yeye, nasikiliza, na sisikii kitu, si kilio, si kimya, ni makala tu yanayopasuka. Basi naingia saloni. Amekaa, uso umeelekea rido.

"Mama, njoo usikilize kidogo. Ingali inalia?"

Anakaa muda, kana kwamba kweli anasikiliza, na najua kutoka pale anaisikia vizuri kabisa.

"Uliza macho yako," anasema.

Narudi nje, nainua mufuniko mapema mno au nimechelewa. Tunaikula hivyohivyo. Kipande chake namupelekea kwenye sahani, namushikisha mukononi. Anakipapasa chini, anaikuta ile ngozi nyeusi iliyoungua, na anakula chote mupaka mwisho.